Uvimbe wa Tezi ya Mate: Usikubali Ukatwe Ovyo

Leo tunazungumza na wewe mama, na wewe unayemlea mtoto au kumtunza cucu pale nyumbani, uwe Ruiru, Juja au Thika. Tutazungumzia uvimbe unaotokea mbele ya sikio au chini yake, karibu na pembe ya taya.

Mahali hapo pana tezi kubwa ya mate. Mtoto akivimba hapo na kushikwa na homa, mara nyingi sisi husema ni matumbwitumbwi. Hayo huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili. Uvimbe unaokuja mtu anapokula kisha ukanywea huenda ukawa ni kijiwe kilichoziba mrija wa mate. Lakini kuna ule usiouma, mgumu kama kokwa, unaokua polepole mwaka baada ya mwaka. Kwa watu wazima, takriban 8 kati ya 10 wa aina hii katika tezi hiyo si saratani. Hata hivyo usiuache tu, kwa maana baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi.

Sasa fanya hivi unaponisikiliza. Weka kifundo cha mkono chini ya sikio lako, halafu tandaza vidole vitano juu ya uso na shingo. Hivyo ndivyo mshipa wa fahamu wa uso ulivyotandazwa. Hutoka kwenye fuvu chini ya sikio, ukaingia ndani ya tezi ya mate, na humo ukagawanyika matawi matano: la paji la uso, la jicho, la shavu, la mdomo wa chini na la shingo. Shina lake ni jembamba, milimita 2 au 3 hivi, na matawi ni kama uzi. Likikatwa tawi la jicho, jicho halifumbi. Likikatwa la mdomo, uso huenda upande na chai humwagika.

Ndiyo sababu uvimbe huu si jipu la kupasuliwa nyuma ya duka la dawa. Daktari mpasuaji aliyesomea kazi hii huanza kwa kuutafuta mshipa. Hufuata alama anazozijua, kama gegedu la sikio na msuli ulio chini yake, mpaka auone shina, kisha huufuata tawi kwa tawi akitenganisha uvimbe pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka. Hakwangui uvimbe peke yake, kwa kuwa mabaki yake hurudi, na upasuaji wa pili ni hatari zaidi: kovu huwa limeuficha mshipa. Hospitali nyingine zina mashine inayolia mshipa unapoguswa. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya macho na mikono ya daktari.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 mambo ni magumu zaidi. Mfupa wa nyuma ya sikio haujakomaa, kwa hiyo mshipa uko karibu sana na ngozi. Mama, usikubali mtu yeyote amchanje hapo. Isitoshe, uvimbe mwingi wa watoto hauhitaji kisu. Ule wa mishipa ya damu hunywea wenyewe au kwa dawa. Mtoto aliyevimba pande zote mbili kwa muda mrefu apimwe pia virusi vya ukimwi. Akiwa navyo, ataanzishiwa dawa.

Anzia Ruiru Level 4 au Thika Level 5, uombe kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Huenda ukatumwa Kenyatta jijini Nairobi, au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Uliza kuhusu malipo ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kabla ya upasuaji, kwa kawaida hupigwa picha na kufyonzwa chembe kwa sindano nyembamba. Muulize daktari: "Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Mshipa wa uso utaulinda vipi?" Si utovu wa adabu.

Baada ya upasuaji uso unaweza kulegea kidogo hata kama mshipa haukukatwa. Kwa wengi hurudi baada ya wiki au miezi michache. Jicho lisipofumba, litiwe matone ya kulilainisha na lifungwe usiku, lisije likakauka na kupata kidonda. Ndewe ya sikio kufa ganzi, au shavu kutoka jasho wakati wa kula, huweza kutokea pia, mwambie daktari.

Lakini uso ukilegea kabla ya kuguswa na kisu, na uvimbe upo, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Huenda ni saratani. Na ukilegea ghafla pamoja na mkono au maneno kukwama, hicho ni kiharusi: tafuta gari sasa hivi.