USALAMA: NDEKE NDOGO JUU YA KARIERI



Umezoea kutazama mawe yanayotaka kuporomoka ukutani mwa karieri. Sasa tazama na juu. Droni ni ndeke ndogo isiyobeba mtu. Mwenyewe huiongoza toka mbali. Makampuni ya madini huitumia kupima karieri na malundo ya mawe. Hiyo ina ruhusa. Hapa tunasema juu ya ile inayokuja bila ruhusa.

Ubaya wake ni nini?

Droni ya kilo moja ikianguka toka juu huweza kukuumiza hata ukivaa kofia ya kazi. Mabawa yake yanayozunguka hukata kama kisu: mwaka 2015, huko Tijuana, Meksiko, mwimbaji Enrique Iglesias alishika droni jukwaani, ikamkata vidole. Betri yake ya litiamu ikipondeka huweza kuwaka moto. Tena, wafyatuaji wa baruti wanajua: mashine za kutuma redio hazikaribishwi penye detoneta za umeme. Droni nyingi hutuma redio.

Kamera inaijuaje?

Kompyuta huonyeshwa maelfu ya picha za droni, za ndege wenye manyoya na za ndeke kubwa, mpaka ijifunze kuzitenga. Ndiyo inayoitwa akili bandia. Kamera moja hutazama mbingu pana. Ikiona nukta inayotembea, kamera ya pili huigeukia na kuivuta karibu. Kompyuta huangalia pia mwendo: ndege hupiga mabawa, droni huweza kusimama hewani pahali pamoja. Usiku, kamera ya joto huona joto la mota na betri.

Lakini akili hiyo hudanganyika. Droni ya sentimeta 30, ikiwa mbali kilometa 1, haijazi hata nukta moja ya picha ya kamera pana ya kawaida. Mwewe akielea bila kupiga mabawa, huitwa droni. Vumbi la kiangazi, ukungu na jua la mbele huifumba macho. Kwa hiyo wataalamu huongeza rada na vyombo vya kusikiliza redio.

Macho ya watu peke yake nayo hayatoshi. Mwezi wa 12 mwaka 2018, kiwanja cha ndege cha Gatwick, Uingereza, kilifungwa kwa sababu watu walisema wameona droni. Safari karibu 1,000 ziliharibika, na polisi hawakumpata mwenyewe. Ndiyo maana kamera na mtu lazima wasaidiane: mashine haichoki kutazama, mtu hupima kama ni kweli.

Wewe ufanye nini?

1. Ukiona droni, ondoka chini yake, uambie shefu wako mara moja: saa ngapi, upande gani, inaelekea wapi.
2. Kama baruti imekwisha kutegwa, mwambie mfyatuaji mbele ya wote.
3. Usiipige mawe. Ikianguka, usiiguse, wakataze na wenzako.
4. Mtu akikatwa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, umpeleke dispansari.
5. Kengele ikilia mara tisa kwa sababu ya mwewe, usidharau ya kumi. Huenda hiyo ndiyo droni yenyewe, nawe uko chini yake.