Umungu wa Mtoto wa Bethlehemu

Isevya ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokua penye njiapanda ya misafara ya Unyanyembe, ambapo njia itokayo Bagamoyo iligawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Uislamu ulifika kwa njia hiyo kwanza. Ukristo ukafuata: Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipita Tabora mwaka 1878, nao Wamoraviani, wamisionari Waprotestanti, wakaanza kazi Urambo mwaka 1898. Hivyo Krismasi huadhimishwa Isevya miongoni mwa majirani Waislamu, wanaomheshimu Isa bin Mariamu kuwa nabii aliyezaliwa na bikira.

Kuzaliwa na bikira, basi, siko kunakozitenganisha imani hizo mbili, bali ni jibu la swali kuwa mtoto huyo ni nani. Swali hilo liliwagawa hata Wakristo wenyewe, pale Ario, padri wa Aleksandria, alipofundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa ni bora kuliko viumbe vyote. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilikataa fundisho hilo, ukakiri kwamba Mwana hakuumbwa, na kwamba umungu wake ndio uleule wa Baba, kwa hiyo Mungu anabaki mmoja. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia uliongeza ufafanuzi kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili: ni Mungu kweli na mtu kweli, wala asili moja haikuimeza nyingine.

Ukiri huo ndio unaoipa Krismasi uzito wake. Tajiri wa pwani aliweza kumpelekea wakala wake wa Unyanyembe barua kwa mkono wa msafara, lakini barua haikumfikisha yeye mwenyewe. Vivyo hivyo manabii walilileta neno la Mungu, ilhali Umwilisho, yaani Mungu kuutwaa mwili wa binadamu, unatangaza kwamba Mwenyewe amekuja. Athanasio, aliyeitetea imani ya Nisea kwa miaka mingi, alishikilia kwamba kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Kama aliyelazwa horini angekuwa kiumbe tu, wokovu usingekuwa tendo la Mungu mwenyewe.

Kwa hiyo Mkristo wa Isevya anayemkaribisha jirani yake Mwislamu mezani siku ya Krismasi hana haja ya kuificha imani hii wala kuifanya silaha ya ugomvi. Ikiwa Mungu hakuona haya kuzaliwa katika ufukara, anayemkiri amefungwa na ukiri huo kumheshimu kila mtu, na maskini kwanza.