Butwaa: Neno na Matumizi Yake

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo katika insha za wanafunzi, na hata katika magazeti yetu, ni neno butwaa. Aghalabu msomaji hukutana na sentensi ya aina hii: "Wanakijiji walipigwa na butwaa, wakapiga mayowe na kutimua mbio." Sentensi hiyo inajipinga yenyewe. Aliyepigwa na butwaa hana miguu ya kukimbilia wala sauti ya kupigia mayowe.

Butwaa si mshangao tu. Ni ile hali ya kuganda inayomfika mtu pale jambo asilolitarajia linapoizidi akili yake. Mathalani: "Alipopashwa habari hizo alipigwa na butwaa, chai ikafurika kikombeni, birika lingali mkononi." Hapa mkono umesahau kazi yake. Anayeshtuka, kwa upande mwingine, hugutuka, huruka, huangusha alichokishika. Yamkini mtu akashtuka kwanza, kisha butwaa ikafuata. Taharuki nayo, iliyotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusogea, imebeba mwendo ndani yake, hata pale wahakiki wanapoitumia kwa maana ya hamu ya msomaji kutaka kujua litakalotokea.

Sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Butwaa humpiga mtu au humshika, kama vile radi inavyompiga na kigugumizi kinavyomshika. Mtu ni mtendwa. Ndiyo maana mwalimu humkemea mwanafunzi anayetazama nje dirishani, "Acha kuzubaa!" lakini hakuna amwambiaye mwenzake, "Acha kupigwa na butwaa!" Kuzubaa kuna lawama, butwaa haina.

Tofauti hii si ya darasani pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tuseme shahidi anaulizwa mahakamani ni kwa nini hakupiga kelele alipoona jirani yake akivamiwa, naye anajibu, "Nilipigwa na butwaa." Amekwisha kutoa sababu kamili. Mkalimani akilifasiri jibu hilo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kushangaa tu, shahidi ataonekana kama mtu aliyesimama akatazama kwa hiari yake, ilhali alichosema ni kwamba mwili ulimkatalia.