SHAHADA YA PILI YA MWALIMU NI YA NANI?

Kila mwaka walimu wa Tanzania huomba ruhusa kwa waajiri wao ili wakasomee shahada ya uzamili katika elimu. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwani mwalimu asiyekoma kujifunza ndiye aiheshimuye kazi yake. Hata hivyo liko swali ambalo mara nyingi huachwa mpaka ada imekwisha kulipwa: Je, shahada hiyo yatafutwa ili darasa lifundishwe vizuri zaidi, au ili darasa likimbiwe?

Tusiwalaumu walimu kabla ya kuitazama ngazi wanayoipanda. Karibu kila kipandio cha juu kimewekwa mbali na ubao. Mwalimu hupanda akawa mkuu wa shule, afisa elimu, au mdhibiti ubora wa shule, yule aliyeitwa mkaguzi zamani. Mwingine huenda Taasisi ya Elimu Tanzania kuandaa mitaala, au Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwingine huwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Na apendaye chuo kikuu huanzia uhadhiri msaidizi, kazi itakayo shahada ya uzamili yenye alama za juu, kisha hutakiwa kuendelea mpaka shahada ya uzamivu.

Kazi zote hizo ni za lazima, na ni heri zishikwe na watu waliokwisha kula vumbi la chaki. Kwa sababu hiyo yafaa mwalimu achague fani kabla ya kuchagua chuo. Atakaye uongozi asome uongozi na usimamizi wa elimu; atakaye mitaala asome mitaala na ufundishaji; mwenye moyo wa kuwahudumia watoto wenye ulemavu asome elimu maalumu. Wala asidhani kwamba cheti peke yake kitampandisha cheo siku arudipo kazini. Katika utumishi wa umma hutazamwa pia kazi aliyoifanya mtu na nafasi iliyopo.

Mwenye familia na mshahara mdogo asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, na mtu aweza kusoma humo bila ya kuacha kazi yake.

Panapowakwamisha wengi ni kwenye tasnifu. Masomo huisha, mitihani hupita, lakini utafiti hausogei, kwa kuwa swali lenyewe lilitolewa vitabuni wala halimkeri aliyelichagua. Shauri letu ni kwamba swali litoke shuleni. Kwa nini mtoto afike darasa la nne hajui kusoma sawasawa? Kwa nini mwanafunzi aliyefaulu vizuri kwa Kiswahili katika shule ya msingi hunyamaza kimya aingiapo kidato cha kwanza na kufundishwa kwa Kiingereza? Mwalimu akilijibu mojawapo kwa uangalifu, atapata shahada, na wenzake watapata dawa.

Historia yetu inao mfano. Julius Nyerere alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A., na mwaka uliofuata alikuwa akifundisha shuleni Pugu. Aliuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kufa kwake mwaka 1999. Shahada haikumfanya aone kwamba darasa ni mahali padogo.

Wajibu huu si wa mwalimu peke yake. Wenye mamlaka hawana budi kuweka kipandio ndani ya darasa lenyewe, ili mwenye shahada ya uzamili aliyeamua kubaki na watoto, na anayewafundisha vizuri, apate mshahara na heshima sawa na mwenzake aliyekwenda ofisini. La sivyo, kila tunapomsomesha mwalimu hodari tutakuwa tunawanyang'anya watoto mwalimu wao.

Wazee walikwisha kusema: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ndugu mwalimu, nenda kasome. Lakini asali uirudishe mzingani.