Siku Nne Amu, na Nyufa za Msikiti Wetu

Basi huishia Mokowe. Hapo barabara ya bara humalizika, na msafiri hukabidhi mizigo yake kwa vijana wa boti kabla ya kuvuka kwenda kisiwani. Tulikuwa tumeondoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukishuka mara kwa mara kukaguliwa vitambulisho, na watoto wetu wawili walikwisha kuchoka hata wasiulize tena kama tumefika. Boti ilipoikaribia gati ya Lamu, ambayo wenyewe huiita Amu, mdogo aliinuka akauliza magari yako wapi. Tukamwonyesha punda.

Mji ule haukujengewa magari. Vichochoro vyake vingi vina upana wa watu wawili kupishana, na punda akija na shehena ya mchanga, mwanadamu ndiye anayempisha. Usita wa Mui, njia kuu, hupita sambamba na pwani kutoka Mkomani hadi Langoni, na juu ya baadhi ya vichochoro pana chumba kilichounganisha nyumba mbili, wenyewe hukiita wikio. Mwenye nyumba huvuka kwa jamaa yake bila kukanyaga njia. Ahali wetu alilipenda jambo hilo kuliko ngome, kuliko milango ya nakshi, kuliko yote tuliyoyaona.

Hatukwenda kutembea tu. Kamati ya msikiti wa mtaa wetu, ambayo tumepewa dhamana ya ukatibu wake, ilikuwa imekubaliana kuuvunja msikiti wa kale wa mawe na kujenga wa ghorofa. Mfadhili amepatikana, kuta zina nyufa, na waumini wa Ijumaa husali juani. Sisi ndio tulioandika kumbukumbu za kikao kile, na mkono wetu haukutetemeka. Lakini mzee mmoja wa kamati alitwambia, "Kwa kuwa mnakwenda Amu kumzuru mama mdogo wa mkeo, tazameni wenzetu wanafanyaje." Tulimwitikia kwa adabu tu.

Tulianza na Msikiti wa Pwani ulio jirani na ngome, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1370. Ngome yenyewe ni changa kwake. Ilikamilika mwaka 1821, ikawa gereza hadi mwaka 1984, na sasa ni makumbusho. Misikiti ya mji huo inapindukia ishirini, na mingi haina fahari yoyote kwa nje. Adhana ya Magharibi hutoka huku na huku kwa kupishana kidogo, na watoto wetu wakafanya mchezo wa kubashiri ipi itafuata.

Tulisali Isha katika Msikiti wa Riyadha, Langoni, ulioasisiwa na Habib Saleh, aliyetoka Ngazija na kufariki mwaka 1935. Wasomaji wetu wanatofautiana kuhusu Maulidi yanayoupa msikiti huo umaarufu, nasi hatutaufungua mjadala huo hapa. Tunalotaka likumbukwe ni kwamba alifungua darsa zake kwa watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda kuwaona wakisoma: maskini, na wenye asili ya utumwa. Tulipotoka, kijana wetu wa miaka tisa aliuliza kwa nini tumesali rakaa nne ilhali sisi ni wasafiri. Tukamweleza kuwa msafiri akimfuata imamu mkaazi hutimiza. Akasema basi ni bora kusali nyumbani kwa bibi.

Siku ya tatu tulimkuta fundi mmoja, mtu mzima, akikarabati ukuta katika kichochoro cha Mkomani. Tulimwamkia, tukamweleza habari ya msikiti wetu.

"Nyufa mlizitia nini?" akauliza.

"Saruji, mzee wetu."

Akanyamaza kitambo, akaendelea kukoroga chokaa yake. Kisha akasema, "Mwanangu, jiwe la matumbawe lavuta pumzi. Chokaa haimzuii mtu kupumua. Saruji yaziba. Unyevu na chumvi hubaki ndani, hulila jiwe, nanyi mwaona ufa mwadhani ni uzee."

Tulikaa naye hadi Adhuhuri. Alitueleza jinsi mawe ya matumbawe yanavyochomwa, chokaa ikazimuliwa kwa maji na kuachwa ikomae. Jinsi upana wa chumba unavyofuata urefu wa boriti za mikoko. Na kwamba ukuta mnene ndio unaotunza ubaridi. Haya si siri. Ni kwamba hatukupata kumwuliza fundi yeyote kabla ya kupiga kura. Na ile saruji ya miaka sita iliyopita, hati ya malipo yake tuliitia saini sisi.

Jioni tulitembea ufukweni hadi Shela, palipo na Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829. Nyumba nyingi nzuri za huko zimenunuliwa na wageni wa mbali. Mama mdogo haoni ajabu kwamba wageni wanazipenda. Ajabu yake ni jamaa zake waliouza na kwenda kupanga. Mji wa kale umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2001, lakini alisema hati hiyo haimlipii mtu fundi wa paa.

Kwa familia itakayokwenda: vaeni sitara ya kawaida yenu, hamtakuwa wageni wa mavazi, chukueni viatu vya kutembelea mchangani, na mkate wa mofa uliwe ukiwa wa moto.

Tumerudi. Tumemwomba mwenyekiti airejeshe hoja ya kuvunja katika kikao cha Jumamosi baada ya Isha, na tumeambatisha maelezo ya chokaa kama tulivyoyaandika kichochoroni. Baadhi ya wajumbe wamekasirika, nao wana haki, kwani waumini bado wanasali juani. Mfadhili hajajibu barua yetu.