Selimundu: Seli inapopoteza umbo lake, mwili mzima huumia

JINA la Kiswahili la ugonjwa huu linajieleza lenyewe. Selimundu ni seli iliyopinda mfano wa mundu, kile chombo cha kukatia nyasi na kuvunia mpunga. Lakini je, inakuwaje kupinda kwa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho kumlize mtoto usiku kucha kwa maumivu ya mifupa? Ili kulijibu swali hili, sharti kwanza tufahamu seli ni nini na hufanya kazi gani mwilini.

Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kuhesabiwa kuwa hai. Mwanasayansi Mwingereza, Robert Hooke, ndiye aliyeipa jina hilo mnamo 1665 alipotazama kwa hadubini gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akaona vijumba vidogo vilivyopangana. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 hivi.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani ya utando huo mna uteute uitwao saitoplazimu, ambamo mna sehemu ndogo zaidi, kila moja na wajibu wake. Mitokondria hutumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nishati. Ribosomu nazo huunda protini, ambazo ndizo hujenga mwili na kuendesha shughuli zake nyingi.

Katika seli nyingi, maagizo ya kuunda protini hizo huhifadhiwa ndani ya kiini. Humo mna kromosomu 46. 23 zimetoka kwa baba na 23 kwa mama. Kromosomu zimebeba DNA, ambayo tunaweza kuifananisha na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne pekee, zikirudiwarudiwa kwa mpangilio maalumu. Seli ya neva na seli ya msuli zina kitabu kimoja. Tofauti ni kurasa ambazo kila moja huzisoma.

Hamali wa oksijeni

Seli nyekundu ya damu ni ya kipekee. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kiini kama nyingine, lakini hukitema kabla ya kukomaa, na mitokondria nazo hutoweka. Nafasi inayobaki hujazwa protini iitwayo himoglobini, ambayo hubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Seli moja huwa na molekuli milioni 270 hivi za protini hiyo. Na kwa kuwa haina mitokondria, seli hii haitumii hata chembe ya oksijeni iliyoibeba. Ni hamali asiyedokoa mzigo wa mwenyewe.

Umbo lake nalo ni la manufaa. Ni mviringo kama kisahani kilichobonyea pande zote mbili, na ni laini kiasi cha kujikunja ili kupenya mishipa myembamba kuliko upana wake. Huishi siku 120 hivi kisha huvunjwa, na nyingine huchukua nafasi yake.

Hitilafu ya herufi moja

Selimundu hutokana na kubadilika kwa herufi moja tu ya DNA katika jeni inayoagiza uundaji wa himoglobini. Kosa hilo dogo hubadilisha kiungo kimoja katika mnyororo wa viungo 146 vya sehemu mojawapo ya protini hiyo. Matokeo yake ni kwamba himoglobini inapoachilia oksijeni, molekuli zake hugandana na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huusukuma utando, na kisahani kile laini hugeuka mundu.

Seli iliyopinda haijikunji. Hukwama katika mishipa myembamba na kuzuia nyingine zisipite, na sehemu iliyokosa oksijeni huanza kuuma. Hiyo ndiyo asili ya maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Aidha, seli hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, uboho ukashindwa kuzifidia kwa kasi inayohitajika. Ndipo mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake kugeuka manjano. Bandama, ambayo husaidia kupambana na viini vya maradhi, huharibika mapema utotoni, na baadhi ya watoto hupata kiharusi.

Kwa nini Pwani na Nyanza?

Nchini Kenya, ugonjwa huu hupatikana zaidi Pwani, Nyanza na Magharibi. Aliyegundua sababu alikuwa Anthony Allison, daktari aliyelelewa papa hapa Kenya. Mnamo 1949 alikusanya damu kutoka kwa jamii mbalimbali nchini. Aligundua kwamba miongoni mwa jamii za Pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na chembe ya selimundu, ilhali katika nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia moja. Ramani hiyo ililingana na ya malaria. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kuwa mgonjwa mwenyewe amekingika. Kwake yeye aliyerithi jeni hiyo pande zote mbili, malaria ni hatari kubwa na yafaa akingwe kwa kila njia.

Lawama si ya mama

Tangu jadi, familia nyingi zilizofiwa na watoto kwa ugonjwa huu zimesingizia uchawi au kumlaumu mama. Sayansi inatoa jibu tofauti. Baba na mama wakiwa na chembe hiyo, huenda wote wakawa wazima na wasijue. Kila ujauzito huwa na uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, mbili kwa nne kwamba atabeba chembe hiyo kama wazazi wake, na moja kwa nne kwamba hatakuwa nayo kabisa. Bahati hii hupigwa upya kila mimba inapotungwa.

Kwa hivyo, wanaopanga kufunga ndoa wana sababu njema ya kupimwa aina ya himoglobini yao. Kipimo hiki si sawa na kile cha kundi la damu, na wengi huvichanganya. Mtoto naye anaweza kupimwa tangu kuzaliwa, kabla ya dalili kama vile kuvimba kwa mikono na miguu, ambazo kwa kawaida huanza baada ya miezi sita hivi.

Anayegunduliwa mapema husaidika. Hupewa penisilini kila siku katika miaka ya mwanzo, chanjo, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza kupinda kwa seli. Upandikizaji wa uboho unaweza kumponya, na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa mwenyewe, ingawa gharama yake ni ya juu mno.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa selimundu, wengi hawafichi. Hawajui tu kwamba wanayo. Tone moja la damu latosha kuwajulisha.