Intaneti ya kasi nyumbani: ilivyotufikia, na unacholipia hasa

Kwa mfanyabiashara anayetoa kontena Mombasa au Dar es Salaam kulipeleka Kampala, Kigali au Bujumbura, intaneti si anasa. Hati ikichelewa kumfikia wakala wa forodha, kontena linabaki bandarini, siku za bure zinaisha, na gharama za kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa kwa dola. Lori nalo linasubiri, na dereva anakula posho bila kutembea hata kilomita moja.

Ofisi ya wafanyabiashara wengi wadogo ni nyumbani: meza, kompyuta na simu. Ndiyo maana historia ya intaneti ya kasi majumbani inawahusu moja kwa moja wenye mizigo na wenye malori. Makala haya yanaeleza ilivyofika, kwa nini ilikuwa ghali, na maneno ya kwenye mkataba yana maana gani. Vifaa vimebadilika tangu wakati ule, lakini maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini ni yaleyale.

Simu na dishi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenye intaneti nyumbani alitumia waya wa simu ya mezani. Modemu ilipiga namba ya kampuni ya intaneti, ikalia kwa muda, kisha ikaunganisha. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, na kwa waya wa zamani ilikuwa chini ya hapo. Kulikuwa na hasara mbili. Kwanza, ulilipa kampuni ya intaneti na vilevile ulilipa kampuni ya simu kwa kila dakika. Pili, ukiwa kwenye intaneti simu haishikiki. Dereva aliyekwama Malaba akipiga, anakuta laini ina shughuli.

Hiyo ilikuwa safari ya kutoka nyumbani hadi kwa kampuni tu. Kutoka hapo kwenda Ulaya au Marekani, Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. Data ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Kwenda na kurudi kulichukua kama nusu sekunde. Nusu sekunde ni kidogo, lakini ukurasa mmoja wa intaneti huomba vitu vingi kimoja baada ya kingine, na kila ombi lina nusu sekunde yake.

Baya zaidi, hata barua pepe ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi iliweza kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kufika. Kenya ilipunguza tatizo hilo pale kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilipoanza kufanya kazi tena mwaka 2002, hivyo kampuni za ndani zikaweza kupitishiana data bila kutoka nje ya nchi.

Kwa nini bei ilikuwa juu

Sababu ya kwanza ni ushindani mdogo. Nchini Kenya, njia ya kimataifa ya intaneti ilikuwa mikononi mwa Telkom Kenya, kupitia Jambonet, hadi mwaka 2004. Nchini Tanzania, haki za pekee za TTCL katika simu za mezani zilikwisha Februari 2005. Penye muuzaji mmoja, mnunuzi hana pa kukimbilia.

Sababu ya pili ni hesabu ya setilaiti yenyewe. Kampuni ilikodi nafasi angani kwa dola kila mwezi, na nafasi hiyo ilikuwa finyu. Mteja mpya hakushusha gharama sana, kwa sababu akiongezeka ilibidi kukodi nafasi nyingine. Mkongo una hesabu tofauti. Kuulaza chini ya bahari kunagharimu mamilioni ya dola siku ya kwanza, lakini ukishalala, kumuongeza mteja mmoja hakugharimu kitu kikubwa. Mwenye mkongo anatafuta wateja wengi. Mwenye dishi anawagawia wachache kwa kibaba. Hapo ndipo penye siri ya bei kushuka baada ya 2009.

Mwaka wa mikongo

Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na nchi za Ulaya na Asia. Mwaka huohuo ulifika TEAMS, wa kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ambao serikali ya Kenya na kampuni za simu ziliwekeza pamoja. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaopita pwani kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Mombasa hadi Fujairah ni kama kilomita 5,000 za mkongo, na mwanga huzimaliza kwa takriban sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Linganisha na safari ya angani.

Watu wengi walitarajia bei ianguke siku ileile. Haikuwa hivyo. Kampuni zilikuwa bado zimefungwa na mikataba ya setilaiti, na zilizowekeza kwenye mkongo zilitaka kurudisha fedha zao. Nyingi ziliongeza kasi kwanza kwa bei ileile, ndipo bei zikashuka polepole.

Kwa nchi zisizo na bahari kulikuwa na jambo la ziada. Mkongo unaishia pwani, kwa hiyo intaneti ya Uganda, Rwanda na Burundi ni kama mzigo wa transiti: inashushwa pwani na kusafiri nchi kavu. Inapita njia zilezile za malori. Kutoka Kenya inaingia Uganda kupitia Malaba na Busia. Kwa Tanzania, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika Mutukula kwa ajili ya Uganda, Rusumo kwa ajili ya Rwanda na Kabanga kwa ajili ya Burundi. Kila mpaka una kampuni ya kukabidhiana na nyingine, na kila mkono unataka chake. Ndiyo maana Bujumbura ilichelewa kuona bei ambazo Mombasa ilikwisha kuzizoea.

Njia za kuingia nyumbani

Mkongo ukifika mjini bado haujafika kwako. Kilomita ya mwisho ndiyo iliyoleta tofauti kati ya jirani na jirani.

Njia ya kwanza ilikuwa ADSL, yaani waya uleule wa shaba wa simu. Data ilipita kwenye masafa ya juu na sauti masafa ya chini, na kifaa kidogo ukutani kikazitenganisha, hivyo simu na intaneti vikafanya kazi pamoja. Shida yake ni umbali: kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu ndivyo kasi inavyopungua, na ikizidi kilomita tano hivi huduma huwa dhaifu au haipatikani kabisa. Waya ukiibwa au ukiingia maji, wiki inapita. Tena simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituoni, ikalia hata gizani, lakini modemu ya ADSL hutegemea umeme wa nyumbani. Ukikatika, intaneti nayo imekwenda.

Njia ya pili ilikuwa antena juu ya paa, inayowasiliana kwa redio na mnara wa kampuni. Ilifungwa haraka, lakini jengo jipya likisimama katikati, kasi inaanguka.

Njia ya tatu ilikuwa modemu ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, yenye laini ya simu ndani yake. Hii ndiyo iliyowafikia wengi, kwa sababu haikuhitaji fundi wala mkataba wa mwaka. Kwa msafirishaji ilikuwa na faida ya kutembea naye. Hatari yake ni mpakani: laini ikishika mtandao wa nchi jirani, data inahesabiwa kwa bei ya ugenini na salio linayeyuka kabla hujafungua ujumbe wa pili.

Njia ya nne, faiba hadi mlangoni, ilikuja majumbani baadaye, ikaanzia mitaa ya wenye kipato.

Biti si baiti

Hapa ndipo wateja wengi walipopotea. Kampuni hutangaza kasi kwa biti. Kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Ukiuziwa kilobiti 256 kwa sekunde, usitarajie kilobaiti 256; utapata 32 tu, na hiyo ni siku njia ikiwa nyeupe.

Tuchukue mfano wa kazi. Una ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena, zimeskaniwa, jumla megabaiti 2. Hizo ni megabiti 16. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde zitachukua kama dakika nne na ushei. Kwa kilobiti 256, kama dakika moja. Kwa megabiti 1, sekunde 16.

Lakini angalia upande. ADSL na huduma nyingi za nyumbani zina kasi mbili: ya kupokea na ya kutuma. Tangazo huandika ya kupokea, iliyo kubwa. Anayetazama habari hajali. Wewe unayetuma hati kwa wakala, kasi ya kutuma ndiyo mkate wako. Mkataba wa kilobiti 512 za kupokea na 64 za kutuma ulikupa, kwa hati zile, dakika nne zilezile. Na mawasiliano yakikatika dakika ya tatu, unaanza upya.

Neno dogo "hadi"

"Kasi hadi kilobiti 512." Neno "hadi" lina uzito kuliko tarakimu. Maana yake ni kwamba njia hiyo mnagawana. Ikiwa wateja 20 wanagawana njia moja ya kilobiti 512 na wote wanaitumia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na kilobiti 25 hivi, chini ya modemu ya zamani. Alfajiri unaruka, jioni unatambaa. Mawakala wengi walijifunza kutuma hati kubwa kabla ya saa mbili asubuhi.

Neno la pili ni "bila kikomo". Mara nyingi kikomo kipo, kimeandikwa kwa herufi ndogo: ukivuka kiasi fulani cha megabaiti kwa mwezi, kasi inashushwa. Kompyuta inayojisasisha yenyewe usiku inaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho wewe ukiwa umelala.

Kwa nini mpaka haukusubiri

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na mwaka huohuo KRA ilianzisha mfumo wa Simba wa kuwasilisha matamko ya forodha kwa kompyuta. Mamlaka za nchi jirani nazo zilikuwa kwenye safari hiyohiyo. Kazi iliyokuwa ya kupeleka karatasi dirishani ikawa kazi ya kutuma data. Wakala mwenye intaneti mbovu alijikuta amerudi kwenye foleni, safari hii ya saiba, akilipa kwa dakika ili atume tamko la mzigo wa mtu.

Kuanzia mwaka 2014, kwa utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, mzigo unaoishia ndani ya Jumuiya hulipiwa kodi kabla haujaondoka bandarini. Kwa hiyo data lazima itangulie lori. Lori likitangulia, litaegeshwa.

Mkongo nao hukatika

Februari 2012, EASSy na SEACOM ilikatika Bahari ya Shamu, na siku chache baadaye nanga ya meli ikakata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024, hitilafu kwenye EASSy na SEACOM upande wa kusini iliathiri vibaya Tanzania na baadhi ya majirani. Kampuni yenye njia moja tu ya kwenda ng'ambo huanguka pamoja nayo. Setilaiti nazo zimerudi kwa sura mpya: zile za Starlink, zilizoruhusiwa Rwanda na Kenya mwaka 2023, ziko chini ya kilomita 600, kwa hiyo hazina ule ucheleweshaji wa zamani.

Uliza kabla ya kutia saini

1. Kasi ya kutuma ni kiasi gani, si ya kupokea tu?
2. Njia moja inagawanywa kwa wateja wangapi?
3. Kikomo cha data ni kipi, na nikikivuka nini kinatokea?
4. Kampuni ina njia ngapi za kwenda ng'ambo, na ni mikongo gani?
5. Huduma ikikatika, fundi anafika ndani ya saa ngapi, na siku zilizopotea zinafidiwa?
6. Modemu ni yangu au ya kampuni, na nikivunja mkataba nalipa nini?

Kisha fanya hesabu moja ya mwisho. Chukua gharama ya siku moja ya kontena bandarini pamoja na siku moja ya lori lililosimama. Ilinganishe na tofauti ya bei, kwa mwezi, kati ya huduma ya bei rahisi na ile ya uhakika. Kwa mwenye kontena moja kwa mwaka, ya bei rahisi inaweza kutosha, akiweka na laini ya simu ya akiba. Kwa mwenye mizigo kila wiki, siku moja tu iliyookolewa mara nyingi inalipa tofauti hiyo yote.